Chozi Bichi

Msomaji wangu, ulimwacha Mikono kwenye mlango wa ukumbi, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, macho yamemtoka kama mtu aliyekutana na mzimu. Na kweli alikuwa amekutana nao. Mzimu wenyewe ni yeye.

Mbele, juu ya jukwaa, ilining'inia picha kubwa kama godoro la watu wawili. Mikono miwili yenye grisi, imeshika bisibisi, na kona ya picha imefungwa utepe mweusi. Chini yake, kwa herufi za dhahabu: PUMZIKA, MIKONO. MWANAKIJIJI WETU WA MWAKA.

Kwa aliyetukuta njiani nimpe mkono apande. Mikono ni fundi wa kutengeneza vyerehani. Hashoni, anatengeneza mashine zenyewe. Alikuwa akirekodi kazi yake na kuirusha mtandaoni, na katika video zake zote uso hauonekani, inaonekana mikono tu, ndiyo maana akaitwa hivyo. Kisha simu yake yenye kamera ikatumbukia kwenye ndoo ya mafuta ya taa anayooshea vyuma. Akabaki na kasimu ka vitufe ka kumpigia mama yake, akaendelea na kazi zake kimya kimya.

Hilo ndilo kosa lake, kukaa kimya. Wale wanaorushiana video wanajiita Kijiji. Na katika Kijiji hicho, asiyeonekana amekufa. Kijiji gani, jamani, kinamzika mtu bila hata kwenda kumbishia hodi?

Habari za kifo chake alizipata kwa mteja aliyefika karakana kuchukua cherehani yake "kwa warithi". Ndipo Mikono akachukua mfuko wake wa vifaa, akaenda ukumbini kuwaambia waliokusanyika kumlilia kwamba anapumua.

Pale mlangoni alisimama msichana mwenye beji shingoni na kidude sikioni.

"Jina?"

"Mikono."

Msichana akamtazama kwa huruma ya kufundishwa. "Pole, kaka. Mikono tumempoteza. Nakuuliza jina lako wewe."

"Ndiyo hilo."

"Kaka, uwe na haya. Wewe ni wa tatu leo. Wa kwanza alikuja amejipaka masizi mpaka viwikoni."

"Mimi sikujipaka."

"Na wa pili alisema hivyo hivyo." Kisha jicho lake likauangukia mfuko wa vifaa. "Aa! Kumbe wewe ndiye fundi wa spika! Si ungesema? Pita nyuma, chumba cha mwisho. Ile spika ya kushoto inakoroma tangu asubuhi kama mlevi."

Mikono akaupandisha mfuko begani. Mlango aliofunguliwa ndio aliopita. Hivyo ndivyo marehemu alivyoingia kwenye sherehe yake mwenyewe, kwa kazi ya spika.

Chumba cha nyuma kilinuka poda, jasho na maua yaliyoanza kuoza. Viti vya plastiki vimepandana hadi dari. Kioo kikubwa kimezungukwa na taa. Ukutani televisheni inaonyesha mambo ya ukumbini bila sauti. Na mbele ya kioo, mwanamume mmoja mnene aliyevaa nyeusi tupu anajipaka dawa ya mafua chini ya macho kwa kidole cha mwisho, taratibu, kama mpishi anayepaka keki sukari.

"Funga mlango, fundi," alisema bila kugeuka. "Upepo unanikaushia machozi."

Mikono akamtambua papo hapo, maana mteja wake alikuwa amemwonyesha kwenye simu. Huyu ni Kilio. Huyu ndiye aliyemuua.

Ilianza hivi: mtu mmoja aliandika chini ya video ya mwisho ya Mikono, "Mbona kimya, isije ikawa amekufa?" Kilio akalichukua swali hilo, akaliogesha machozi, akalirusha kama habari. Wengine wakajirekodi wanamtazama Kilio anavyolia, nao wakalia. Wengine wakajirekodi wanawatazama hao. Kilio juu ya kilio, kama sahani chafu kwenye beseni, na kila mmoja anaongeza yake juu, hakuna anayeosha.

"Ulimjua marehemu?" Mikono akauliza.

"Nilimjua?" Kilio akacheka kwa uchungu wa kwenye kioo. "Fundi, yule alinifia mapajani."

"Mapajani mwako?"

"Hapa." Akapiga paja, likatikisika. "Nimemshika mkono, anakata roho."

"Mkono upi?"

Kilio akafikiri kidogo. "Wa kulia. Kamera kubwa leo iko kulia."

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Waambie Wanakijiji nawapenda.' Hapo bado napatengeneza. Naona hapachomi. Hebu nisikilize na shairi, wewe mtu wa kawaida uniambie kama linaingia."

Akasimama, akaweka mkono kifuani, akatoa sauti ya kaburini:

"Mikono umetuacha, mikono tumebaki,
Ulishona cherehani, sasa kaburini uko,
Nani atatushonea, mioyo iliyochanika,
Laiki zetu pokea, ndiyo dua yetu kwako."

Ewe lugha yetu, umevumilia mengi! Vina havijuani kama abiria wa basi, kila kimoja kinaangalia dirisha lake. Mistari imefungwa kamba shingoni, inavutwa kama mbuzi anayekataa kuvuka mto. Na mwenye kuivuta anasubiri makofi.

"Marehemu hakuwa akishona," Mikono akasema. "Alikuwa akitengeneza mashine."

"Si ndiyo hayo hayo? Mashine inashona, haishoni?"

"Inashona."

"Basi! Tengeneza spika, niachie mashairi."

Mikono alikuwa ameazimia kumkunja huyu bwana na kumwuliza kwa nini amemzika. Sasa alijiona kama mtu aliyeshika kijiti akitafuta pa kuanzia kufukua jalala.

Kabla hajaanza, mlango ukafunguliwa. Manukato yakaingia kwanza, mwenye nayo akafuata. Suti nyeupe, meno meupe, simu tatu. Kinara, mwenye Kijiji, anayeamua nani asifiwe na nani asahauliwe.

"Kilio, jiandae, baada ya wimbo ni wewe. Na wewe fundi, ile spika..."

Alikuwa amemtazama Mikono mikononi.

Huyu mtu aliitazama mikono ile kwenye video mara zisizo na idadi, akichagua vipande vya kuwaliza watu. Aliujua ule ukucha wa dole gumba uliopasuliwa na sindano ukaota na mstari katikati. Alikijua kile kidole kilichopinda. Rangi ya uso ikamtoka, ikabaki ya poda.

"Kilio, toka kidogo."

"Lakini bado sijapaka jicho la..."

"Toka!"

Kilio akatoka na jicho moja kavu.

Kinara akasogea. "Wewe ni yeye."

"Ni mimi. Niko hai. Nenda ukawaambie watu, mimi nirudi kazini, nimeacha mashine ya mtu imefunguliwa mezani."

Sasa wewe msomaji, ungekuwa ni wewe ungefanya nini? Uliyemlilia kaka yako anakutokea mzima. Ungepiga kelele za furaha. Ungemkumbatia. Ungekaa chini kwa aibu, angalau. Kinara alikwenda mlangoni, akafunga kwa ufunguo.

"Nani mwingine amekuona?"

"Unasemaje?"

"Kaka, nisikilize. Mimi binafsi nafurahi sana kwamba uko hai. Nafurahi mno. Lakini umekufa vizuri, kaka. Hakuna Mwanakijiji aliyewahi kufa vizuri kama wewe. Ulipokuwa hai walikuangalia nani? Mafundi wenzako, na mabibi wenye mashine kuukuu. Sasa hivi mtu hajui hata bobini ni nini, lakini anakulilia. Unataka kuwanyang'anya watu hilo?"

"Nataka kuwanyang'anya, ndiyo."

"Kufa kidogo tu. Mwezi ujao tunakufufua. Tena kwa sherehe kubwa kuliko hii! Kufufuka nako kuna watazamaji wake."

"Wewe bwana," Mikono akasema polepole, "unanuka."

Kinara akajinusa begani. "Haya manukato yanatoka..."

"Sisemi manukato."

Hapo ndipo jicho la Mikono lilipokwenda kwenye televisheni ya ukutani.

Mstari wa mbele kabisa. Kiti chenye maua. Mwanamke mzee amekaa wima, mkoba juu ya magoti, amevaa gauni la kijani analolitoa kabatini kwa ajili ya harusi tu.

"Yule ni mama yangu."

"Ndiye," Kinara akasema, na sasa sauti yake ikawa ya asali. "Kazi kumpata! Uliwahi kurekodi ukitengeneza cherehani yake, dirishani duka la jirani likaonekana. Vijana wangu wakatafuta mpaka wakafika."

"Mmemwambia nini?"

"Kwamba mwanawe anapewa tuzo. Akatuuliza kama mwanawe anajua, tukamwambia ni jambo la kumshtukiza, asikwambie. Akafurahi, maskini. Akasema, 'Mwanangu mzima, juzi tu tumeongea.' Kaka, vijana wangu walitoka nje wakalia barabarani. Walijua hajui."

"Hajui nini?"

"Kwamba umekufa."

"Sikufa!"

"Ndiyo, sasa naelewa, lakini wakati ule tulijua hajui. Tukakubaliana asiambiwe nyumbani. Aambiwe hapa." Kinara akaelekeza kidole kwenye skrini kama anayeonyesha kiwanja chake. "Maana mtu ukimwambia mapema analia mara ya kwanza bure, hakuna anayeona. Ukimleta siku ya pili, chozi lishapoa. Mimi nataka chozi bichi."

Chozi bichi! Alilitamka kama muuza mboga.

Mikono akatoa kasimu kake ka vitufe, akampigia mama yake. Kwenye televisheni alimwona mama anashtuka, anafungua mkoba, anatoa simu, anaitazama, anatabasamu. Akamwona anaisogeza sikioni.

Na akamwona yule msichana wa mlangoni anainama kwa adabu kubwa, anaichukua ile simu kutoka mkononi mwa mama na kutikisa kichwa. Simu haziruhusiwi ukumbini, mama. Nyuma yake watu wote wamenyanyua simu zao, hakuna hata mmoja asiyerekodi.

Kinara akampokonya Mikono kasimu. "Usiharibu, kaka."

"Mama ana presha." Mikono akaunganisha viganja. "Sikiliza, bwana mkubwa. Nakuomba. Yule mama ana presha, amelazwa mara mbili. Daktari amesema asishtuliwe hata kwa mlango uliopigwa na upepo. Mkimwambia neno hilo mbele ya watu mtamuua. Mimi nifanyeni maiti, nichekeni, lakini mtoeni mama pale."

"Presha?" Kinara akauliza taratibu, kama mtu aliyeambiwa kuna kipande cha nyama kimebaki jikoni. Akainua simu mojawapo mdomoni. "Kamera ya pili. Sogea kwa mama. Karibu. Bado, karibu zaidi."

Mikono hakujua alivukaje chumba. Alijikuta amemkunja mtu kwenye kola, amembana ukutani, na viti vya plastiki vinamporomokea mgongoni. Kinara akapiga yowe. Mlango ukafunguliwa kwa nje kwa ufunguo mwingine, akaingia Baunsa, mtu mpana kuliko mlango wenyewe, akawatenganisha kama anayefungua pazia.

Suti nyeupe ilibaki na viganja viwili vya grisi kifuani, vidole vyote kumi.

"Kaa naye!" Kinara akahema, huku akivua koti na kunyakua jingine kwenye msumari. "Mpaka nikuite, asitoke huyu tapeli!"

Akatoka. Baunsa akavuta kiti, akakaa mlangoni. Kiti kikalia.

"Niachie nipite, kaka."

"Kaa chini, ndugu yangu."

"Mimi ndiye Mikono."

"Najua." Baunsa hakumtazama. "Mke wangu anashona. Mashine yake ilikuwa inakata uzi. Akaangalia video yako, akairekebisha mwenyewe, akanitangazia mwezi mzima. Mikono yako naijua kuliko ya shemeji zangu."

"Sasa mbona umekaa hapo?"

"Kwa sababu ndiyo kazi niliyopewa. Nikisimama, kesho nitakaa wapi?"

Kwenye televisheni Kilio alikuwa amepanda jukwaani. Baunsa akanyoosha mkono, akaongeza sauti. Likaja lile shairi, mistari yake minne, na ukumbi ukashusha kwikwi. Jicho moja la Kilio lilimwaga maji, jingine lilikuwa kavu kama changarawe. Mjanja akageuza uso, akawapa kamera upande unaovuja.

Kisha Kinara akapanda na kumshika mama mkono, akampandisha ngazi pole pole, akamkalisha kwenye kiti katikati ya mwanga. Mama alikuwa anatabasamu. Alikuwa anaangaza huku na huku, na Mikono alijua anamtafuta nani. Anamtafuta yeye, aje apokee tuzo.

"Mama," Kinara akapiga goti, "jikaze, mama yetu."

Baunsa akasimama. Kiti kikashusha pumzi.

"Mimi nina mama," akasema, na sauti yake ikawa nyembamba kwa mtu wa ukubwa ule. Akasogea pembeni ya mlango. "Nakwenda chooni. Nikirudi nitakukuta hapa hapa. Si ndiyo?"

"Ndiyo," Mikono akasema, na alikuwa ameshapita.

Korido. Nyaya zimejilaza sakafuni kama nyoka. Mtu amebeba sinia la soda, sinia likaruka. "We, vipi!" Mikono hakujibu. Mbele yake pazia zito, na nyuma ya pazia sauti ya Kinara imetoka kwenye spika inayokoroma:

"Mwanao, Mikono wetu, hatunaye tena duniani."

Simu zikainuka juu ukumbi mzima kama shingo za bata waliosikia mahindi yanamwagwa. Kila mmoja akisubiri lile chozi.

Mama akamtazama Kinara. "Nani kakwambia?"

"Mama, ni kweli. Alifariki."

"Lini?"

Kinara akamtupia Kilio jicho. Kilio akainama kwenye kipaza sauti. "Miezi miwili sasa, mama. Alinifia mimi."

"Miezi miwili," mama akarudia. "Na jana aliyeniuliza kama nimekunywa dawa ni nani?"

Hapo, msomaji, ungedhani watu wangeamka. Ukweli umesemwa, tena na mama mzazi, tena kwa kipaza sauti. Lakini ukumbi mzima ulipasuka kwa kilio.

"Maskini, anaongea na roho yake!"

"Anakataa kuamini, mama wa watu!"

"Umerekodi hiyo? Niambie umerekodi!"

Pazia likachanika. "Mama! Niko hapa! Mimi huyu, mzima!"

Kinara hakukawia hata nukta. Uongo kwake ulikuwa umekaa ulimini kama mate. "Tapeli!" akanguruma. "Wanakijiji, mwoneni! Kuna mtu anathubutu kumchezea mama mfiwa!"

"Ni wa tatu huyo!" msichana wa mlangoni akapiga kelele. "Aliniambia ni fundi wa spika!"

"Laana imshukie!"

"Chukua uso wake, chukua uso!"

Walinzi wawili wakamrukia, wakamkunja mikono nyuma, wakampigisha magoti chini ya jukwaa. Aliyekuwa karibu naye akamtemea mate. Akakosa, akaomba arudie, maana simu yake haikuwa imewaka.

"Mama yetu," Kinara akasema kwa upole wa nyoka aliyeshiba, "unamjua mtu huyu?"

Mama akamtazama mwanawe. Alianza na viatu, akapanda na suruali yenye grisi, akafika kwenye mikono iliyopindwa mgongoni. Kisha akautazama ukumbi. Kila palipopaswa kuwa na uso pana simu. Kisha akaitazama kamera iliyosimama shubiri moja kutoka kwenye kidevu chake, ikimngoja alie.

Mdomo wa mama ukajikunja upande mmoja. Mikono aliujua mkunjo ule. Ndio ambao mama huukunja akifunua pipa la unga na kukuta panya amefia ndani.

"Simjui," mama akasema.

Mikono akasikia kitu kimevunjika, akadhani ni mfupa wa bega. Haukuwa mfupa.

"Lete hicho." Mama akachukua kipaza sauti mkononi mwa Kinara, akasimama. "Wanangu. Mimi ni mzee, sijui mambo ya mitandao. Nyinyi ndio mnaojua. Mkisema mwanangu amekufa, mimi ni nani nikatae? Amekufa. Basi msiba uko nyumbani kwangu. Kesho asubuhi, njooni nyote mliompenda. Na simu zenu mje nazo. Asibaki mtu na simu yake kwao."

Ukumbi ukalipuka. Kinara akamsogelea, akanong'ona kwa meno yaliyofungwa, "Chozi, mama. Moja tu, mama yangu."

"Chozi ni la nyumbani, mwanangu. Utalikuta huko huko."

Akashuka ngazi bila kushikwa. Akafika mbele ya Mikono, akasimama. "Mwinueni. Nataka nimwone usoni huyu anayecheza na msiba wangu."

Wakamwinua kwa furaha. Mama akamzaba kofi. Ukumbi ukashangilia. Lilikuwa kofi la sauti kubwa na uzito mdogo, kama la kupiga donge la unga. Kisha akamkamata sikio, akalivuta mpaka mdomoni mwake, kwa nje ungedhani anamng'oa sikio, naye ananong'ona:

"Tulia hivyo hivyo. Uendelee kufa mpaka kesho. Hawa mafisi wametaka msiba, nitawapa msiba hata wausimulie wajukuu. Na lolote utakaloliona sasa hivi, usishtuke."

Akamwachia.

Ah, mama! Kicheko kilimpanda Mikono kutoka tumboni, akakimeza, akainamisha kichwa kama tapeli aliyefedheheka. Hakuwa amemkana. Alikuwa amewatega. Kwa mara ya kwanza tangu aingie katika jengo lile linalonuka, Mikono alipumua.

Mama akapiga hatua kuelekea mlangoni. Watu wakampisha kwa kurudi kinyumenyume, wakirekodi. Katikati ya ukumbi akasimama. Akaweka kiganja kifuani.

"Oo," akasema, kwa sauti ndogo.

Akaanguka.

"Kamera!" Kinara akapayuka. "Kamera zote!" Kilio akafika mbio, akapiga goti kando ya mama na kuanza kuomboleza, akihakikisha yuko upande wa kulia.

Mikono akang'ata mdomo kuzuia tabasamu. Tazama anavyojua kuigiza! Kumbe wote hawa ni wanafunzi tu, mwalimu alikuwa nyumbani anashona nguo za watu.

Kisha tabasamu likamgandia usoni.

Mtu anayejiangusha hutanguliza viganja, hata asipotaka, mwili wenyewe hukataa kuumia. Mama alikuwa ameanguka kifudifudi. Mikono yake ilibaki ubavuni. Shavu lilikuwa limelala juu ya sakafu yenye soda iliyomwagwa na watazamaji, na gauni la kijani linainyonya soda ile taratibu, naye hajitikisi.

"Mama? Mama! Jamani, daktari! Niachieni! Huyo haigizi, jamani, huyo haigizi!"

Walinzi wakazidi kumkaza. "Nyamaza, tapeli."

Hakuna aliyeshusha simu. Hakuna aliyeinama. Mtu mmoja nyuma kabisa akaanza kupiga makofi, pole pole, kwa heshima. Jirani yake akamfuata. Likaenea kama moto wa nyasi, na punde ukumbi mzima ulikuwa umesimama ukimshangilia mama, na wale ambao mkono mmoja ulikuwa na simu wakipiga mapaja yao kwa mkono uliobaki.